Nisba ya Mazrui: Jina, Watu na Mahali katika Historia ya Mwambao

Wanahistoria wa mwambao wa Afrika ya Mashariki wamezoea kulitaja jina la Mazrui kana kwamba ni jina la mtu mmoja aliyeishi miaka mia tatu. Mazrui aliitawala Mombasa, Mazrui akashindwa na Seyyid Said, Mazrui akaasi mwaka wa 1895, Mazrui akawa kadhi, Mazrui akaandika vitabu. Usemi huo una wepesi wake, na katika mazungumzo ya kawaida haudhuru. Lakini mtu anapoketi kuandika historia, wepesi huo humpotosha. Jina hili asili yake ni nisba, wala si jina la ukoo kwa maana ile ambayo sajili za serikali na vyeti vya shule vimetuzoeza. Tofauti baina ya mambo mawili hayo si ya sarufi tu. Nisba humweleza mtu kuwa ni wa kundi fulani. Haisemi kwamba kundi hilo lina kichwa kimoja, mali moja wala shauri moja. Makala haya yanakusudia kulifuata jina lenyewe, tangu umbo lake hadi kwa watu na mahali lilipotua, ili ionekane ni kitu gani hasa kilichowafanya watu waliogawanyika mara nyingi waendelee kutajwa kwa neno moja.

Umbo lake kwanza. Mizizi ya neno hili katika Kiarabu ni z, r na ain, ambayo maana yake ni kupanda mbegu, kulima. Kutoka mizizi hiyo hiyo Kiswahili kimepata neno zaraa, yaani kilimo, ingawa neno hilo halitumiki sana siku hizi. Katika Kiarabu mwanamume huitwa al-Mazrui, mwanamke al-Mazruiyya, na kundi zima huitwa al-Mazari. Kiswahili kimefanya na jina hili kama kilivyofanya na majina mengine ya namna yake: kimelichukua umbo moja, lile la mwanamume, kikaliacha la mwanamke na la wingi, kisha kikalipa viambishi vyake chenyewe. Ndiyo maana tunasema Mmazrui na Wamazrui, na mwanamke huitwa Mazrui vilevile bila ya alama yoyote ya kumtenga. Ile sauti ya ain, ambayo Mswahili haina haja nayo, imetoweka, na u na i zimebaki zikifuatana. Kitu cha ajabu kidogo ni kwamba z na r zimeachwa zikigusana katika maandishi, jambo ambalo silabi za Kiswahili kwa desturi hazilipendi. Huenda heshima ya jina ndiyo iliyolihifadhi.

Nisba za mwambao hazikuja zote kutoka ng'ambo, na kosa la kudhani hivyo limeenea. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye pasipo juhudi yake tungalipoteza sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka, aliitwa al-Batawi, na nisba hiyo asili yake ni mji wa Pate. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alibeba jina linaloelekeza Uajemi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, alibeba jina la nasaba iliyotawala Pate. Nisba, basi, yaweza kuelekeza mji, nchi, kabila au madhehebu, na kila moja yahitaji kuchunguzwa peke yake. Ile ya Mazrui huelekeza kabila la Oman, na tawi kubwa la watu wenye jina hilo liko hata leo katika Abu Dhabi, ambako wanahesabiwa miongoni mwa Bani Yas. Huko jina huandikwa kwa Kilatini namna nyingine, na msomaji wa magazeti aliyemwona Suhail Al Mazrouei akiteuliwa waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu mwaka wa 2013 pengine hakufikiri kwamba anasoma jina lile lile linaloandikwa Mombasa kwa herufi sita. Unguja nako liko: Nassor Ahmed Mazrui aliteuliwa kuwa waziri wa afya wa Zanzibar mwaka wa 2021. Lakini yafaa kujihadhari. Mchezaji wa mpira wa Morocco, Noussair Mazraoui, ana jina lenye sura ya kufanana, na kufanana kwa sura si ushahidi wa udugu.

Wamazrui walifika mwambao kwa cheo. Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu mikononi mwa Wareno mwaka wa 1698, waliwaweka maliwali wa kuitawala Mombasa kwa niaba ya Imamu, na miongoni mwa maliwali hao wa mwanzo alikuwamo Nasir bin Abdallah al-Mazrui. Hapo jina halikuwa na uzito kuliko jina la mtumishi yeyote wa dola. Uzito ulikuja katika miaka ya 1740, wakati Ahmad bin Said al-Busaidi alipojitwalia utawala wa Oman. Liwali wa Mombasa wakati huo alikuwa Muhammad bin Uthman al-Mazrui, naye hakukubali kumtii mtu aliyemwona kuwa ni sawa naye. Yapata mwaka wa 1746 aliuawa na watu waliotumwa kutoka Oman. Ndugu yake, Ali bin Uthman, aliyekuwa amefungwa ngomeni, akatoroka, akakusanya watu wa mji na wa bara, na akairejesha ngome. Tangu siku hiyo liwali wa Mombasa hakuwa tena mtumishi wa mtu, ingawa cheo kiliendelea kuitwa kwa jina lile lile la utumishi.

Wapo wanaoyaita yaliyofuata ufalme wa kurithiana. Ukitazama orodha ya maliwali, utaona kuwa neno kurithiana lahitaji maelezo. Baada ya Ali bin Uthman utawala haukwenda kwa mwanawe bali kwa Masud bin Nasir, wa tawi jingine. Baada ya Masud ukawarejea wana wa Muhammad bin Uthman, kwanza Abdallah, kisha Ahmad, ambaye alitawala tangu 1782 hadi 1814. Kisha mwana wa Ahmad, Abdallah. Ali mwenyewe alikuwa amekwisha kuuawa katika vita vya Unguja, katika miaka ya 1750, na aliyemwua hakuwa Mbusaidi bali mpwa wake. Abdallah bin Ahmad alipofariki mwaka wa 1823, matawi yakashindwa kuafikiana, na mzee Sulaiman bin Ali akawekwa kwa kuwa hakuna aliyemwogopa. Nisba ilikuwa inamwezesha mtu kuingia katika baraza la wagombea, haikumpa utawala. Huo ndio utaratibu, nao ulikuwa na faida yake, kwani mtoto mchanga hakuweza kuwekwa kitini na mawaziri wakatawala nyuma yake. Hasara yake ni kwamba kila kifo cha liwali kilifungua mlango wa ugomvi.

Wala maliwali hawakutawala kwa nguvu ya jina lao pekee. Mombasa ilikuwa na Taifa Tatu na Taifa Tisa, na kila upande ulikuwa na masheikh wake na mapatano yake na Wamijikenda wa bara. Liwali aliyekosa kuungwa mkono na watu hao alibaki na kuta za ngome tu. Chakula cha mji, nacho, kwa sehemu kubwa kilitoka Pemba, na Pemba ilipoingia mikononi mwa Seyyid Said mnamo 1823 mambo yalianza kuharibika. Kabla ya hapo, yapata mwaka wa 1812 au baadaye kidogo, majeshi ya Mombasa na Pate yalikuwa yamevunjwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na Lamu ikamwita Seyyid Said aje kuilinda. Mashairi ya kujibizana baina ya Mombasa na Lamu ya zama hizo yamewasilimia wasomi kwa kupitia diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyotolewa na Hichens mwaka wa 1940, na kwa uchunguzi wa Mohamed H. Abdulaziz uliochapishwa mwaka wa 1979. Muyaka alikuwa mshairi wa mji wa Mombasa aliyewaunga mkono Wamazrui, na hapo pana jambo la kuzingatiwa na wanafunzi wa fasihi: aliyewapa maliwali sauti ya Kiswahili ya kudumu hakuwa wa nisba yao.

Sulaiman bin Ali ndiye aliyeiomba bendera ya Kiingereza. Mwezi wa Februari 1824 Kapteni William Owen aliikubali Mombasa kuwa chini ya hifadhi ya nchi yake bila ya kupewa ruhusa na wakubwa wake, akamwacha Luteni John James Reitz kuwa mwakilishi. Reitz alikufa kwa homa mwezi wa Mei mwaka huo huo. Hifadhi yenyewe haikuthibitishwa na serikali ya Uingereza, ikaondolewa mwaka wa 1826. Lakini mkono wa bahari ulio upande wa magharibi wa Kilindini unaitwa Port Reitz mpaka leo, kwa jina la kijana aliyekaa Mombasa kwa miezi isiyozidi minne. Mtu anayechunguza majina ya mahali hana budi kuliweka jambo hili mbele ya macho yake. Jina hushikamana na mahali kwa sababu mchora ramani aliliandika, na Owen alikuwa mchora ramani. Wamazrui hawakuchora ramani.

Mwaka wa 1837 Seyyid Said, baada ya kujaribu zaidi ya mara moja, aliipata Mombasa, kwa vita kidogo na kwa kuwavuta upande wake baadhi ya masheikh wa mji. Liwali wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim. Yeye na wakubwa wengine wa ukoo walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na hawakurejea. Kwa kadiri historia ya dola inavyohusika, habari ya Wamazrui ingeliweza kuishia hapo, kama ilivyoishia habari ya nasaba nyingi zilizoshindwa. Haikuishia, na sababu yake ni mahali mawili.

Waliookoka walitawanyika pande mbili: wengine wakaenda kaskazini, Takaungu, karibu na Kilifi; wengine kusini, Gazi. Wala Takaungu wala Gazi haukuitwa kwa jina la Mazrui, lakini kwa muda wa miaka sitini iliyofuata hapakuwa na njia ya kuwatenga Wamazrui isipokuwa kwa kutaja mojawapo ya miji hiyo. Hapa ndipo nisba inapomshinda mwanahistoria mvivu. Mkuu wa Gazi katika nusu ya pili ya karne ya 19 alikuwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Takaungu palikuwa na Mbaruk bin Rashid al-Mazrui mwingine, kijana zaidi. Liwali wa mwisho wa Mombasa, baba yake Mbaruk wa Gazi, alikuwa Rashid bin Salim. Na mtu aliyewekwa mkuu wa Takaungu mwaka wa 1895 alikuwa Rashid bin Salim pia. Liwali aliyepandisha bendera ya Owen alikuwa Sulaiman bin Ali. Na karne moja baadaye Kadhi Mkuu alikuwa Sheikh Sulaiman bin Ali al-Mazrui. Familia zinazowaita watoto majina ya babu zao huzaa watu wenye majina yaliyokwisha kutumika, na mpangilio wa jina, baba na nisba, uliotosha kabisa katika mji ambamo kila mtu alimjua mwenzake, hautoshi katika faharasa ya kitabu. Wametokea waandishi waliomchukua Mbaruk mmoja wakamvika matendo ya mwingine.

Takaungu ulitajirika kwa nafaka. Mashamba yake yalitoa mtama, mahindi na ufuta, vikasafirishwa kwa majahazi, na waliolima walikuwa watumwa. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika maandishi mengi ya sifa, au halitajwi, nalo linastahili kutajwa taratibu. Jina ambalo maana yake ya asili ni kupanda mbegu lilibebwa na watu ambao mbegu zao zilipandwa na wengine. Tena, katika mwambao mzima, mtumwa aliyeachwa huru hakutoka katika nyumba ya bwana wake moja kwa moja. Sheria ilimhesabu kuwa na uhusiano wa wala na aliyemwacha huru, na mara nyingi kizazi chake kilijulikana kwa jina la ukoo ule. Kwa hivyo nisba yoyote ya pwani, si ya Mazrui peke yake, haiwezi kusomwa kama hati ya damu. Ndani yake wamo waliozaliwa nayo na waliofungwa nayo. Kuwatenga leo si kazi ya mwanahistoria, na pengine si adabu. Lakini kusahau kwamba wapo ni kuiandika historia nusu.

Vita vya mwaka wa 1895 vinaonyesha mpasuko wa jina kwa uwazi kuliko tukio lolote. Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alifariki mapema mwaka huo. Kwa desturi iliyoelezwa hapo juu, ya kumtazama mkubwa wa umri katika ukoo mzima, Mbaruk wa Takaungu alikuwa na haki ya kuitazamia nafasi ile. Kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati huo ilimpendelea Rashid, mwana wa marehemu, kwa kuwa alikuwa rafiki yake na kwa kuwa desturi ya Kiingereza humtazama mwana kwanza. Hivyo basi kanuni mbili za urithi ziligongana juu ya nisba moja. Mbaruk wa Takaungu akashika silaha. Mbaruk wa Gazi, ambaye alikuwa amekwisha kupigana na watawala wa Unguja mara nyingi na aliyezingirwa katika ngome yake ya Mwele na Lloyd Mathews mwaka wa 1882, akavutwa ndani. Mwezi wa Julai kampuni ikaondoka na serikali ya Uingereza ikaingia mahali pake, na mwezi wa Agosti Mwele ikatekwa. Vita viliendelea vichakani hadi Aprili 1896, Mbaruk wa Gazi alipovuka mpaka akajisalimisha kwa Wadachi, kwa gavana von Wissmann. Alikaa Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka wa 1910.

Vitabu huviita vita hivyo uasi wa Wamazrui. Jina hilo lina kasoro mbili. Neno uasi hudhani kwamba palikuwa na utii uliovunjwa, na utii wa Gazi kwa Unguja ulikuwa wa kupewa na kunyang'anywa mara kwa mara, kama mapatano ya majirani. Na neno Wamazrui huwafanya wote kuwa upande mmoja, ilhali Rashid bin Salim wa Takaungu na wafuasi wake walisimama na Waingereza. Wakati huo huo katika vita hivyo walikuwamo watu wengi ambao hawakuwa na nisba hiyo kabisa. Lingalikuwa jambo la haki zaidi kuviita vita vya urithi wa Takaungu. Lakini jina la nisba lilikuwa fupi, na ripoti za serikali hupenda maneno mafupi.

Baada ya kushindwa kwa silaha, jina likaingia mahali papya kabisa: kitabu cha sheria. Wamazrui wa Takaungu walidai ardhi kama mali ya ukoo, na mwaka wa 1931 ikatungwa sheria ya amana ya ardhi za Mazrui. Sheria hiyo iliishi kupita utawala uliyoitunga, mpaka ilipofutwa na Bunge la Kenya mwaka wa 1989, na mashauri yake yakaendelea mahakamani baada ya hapo. Uzito wa suala hilo wajulikana na kila anayeijua Kilifi: juu ya ardhi hiyo hiyo wameishi watu wengi wasio na hati, na miongoni mwao wapo ambao mababu zao ndio waliofyeka msitu na kuilima. Kwa makala haya linalohusu zaidi ni lile la jina. Nisba haihitaji orodha. Mtu huwa Mmazrui kwa kujulikana. Sheria ya amana huhitaji orodha, kwa sababu lazima ijulikane nani ana fungu na nani hana. Siku serikali ilipoliweka neno Mazrui katika kichwa cha sheria, nisba iligeuzwa kuwa jina la ukoo kwa maana ya kizungu, lenye mipaka na wanachama. Si wengi kati ya wachunguzi wa majina waliolitazama badiliko hilo, nalo huenda ni kubwa kuliko lolote lililotokea ngomeni.

Badiliko la pili lilikuwa limeanza zamani, pole pole, katika madarasa ya vyuo na misikiti. Wamazrui walikuja mwambao wakiwa Maibadhi. Wakaoa na kuolewa Mombasa, wakawa Mashafi kama watu wa mji. Mwanachuoni aliyeongoza katika karne ya 19 alikuwa Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, ambaye Seyyid Barghash alimfunga kwa sababu ya mafundisho yake. Mwanawe, al-Amin, alizaliwa mwaka wa 1891, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Sulaiman bin Ali, aliyetajwa hapo juu. Mwaka wa 1930 Sheikh al-Amin alianzisha gazeti dogo la Kiswahili liitwalo Sahifa, na mwaka wa 1932 jingine, al-Islah. Makala ya Sahifa yalikusanywa yakatolewa kwa jina la Uwongozi mwaka wa 1944, na kitabu hicho kinastahili kusomeshwa katika idara zetu kwa nathari yake tu, hata kwa asiyejishughulisha na yaliyomo. Katika zama ambazo Kiswahili cha vitabu kilikuwa kikisanifiwa na wageni, hapa pana Kimvita cha mwanachuoni anayejadiliana na watu wake mwenyewe juu ya elimu, uvivu, mila na mabadiliko, bila ya kuomba idhini ya kamati.

Tangu 1937 hadi alipofariki mwaka wa 1947 Sheikh al-Amin alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikishika cheo hicho tangu 1963 hadi 1968, na Sheikh Hammad Muhammad Kasim Mazrui tangu 2002 hadi 2010. Ukadhi, basi, ulikuwa mahali pa uliwali. Tofauti ni kwamba liwali huwahitaji askari na chakula cha Pemba, na kadhi huhitaji kuaminiwa kuwa amesoma.

Lakini kazi ya Sheikh al-Amin iliyo na maana kubwa kwa habari hii ni tarikhi aliyoiandika kwa Kiarabu juu ya Wamazrui wa Mombasa. Haikuchapwa maishani mwake. Ilikaa katika miswada mpaka mwaka wa 1995, ilipotolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie kwa niaba ya Chuo cha Taaluma cha Uingereza. Kabla yake habari za maliwali zilikuwa zimeandikwa na wageni: Owen katika kitabu chake cha 1833, na Guillain, nahodha Mfaransa, aliyechapisha zake mnamo 1856. Mwandishi wa tarikhi alikuwa mtu wa nisba ile, aliyezaliwa miaka mitano kabla ya Mbaruk wa Gazi kuvuka mpaka, na aliandika wakati ambapo Takaungu na Gazi palikuwa hapana nguvu tena na ngome ya mababu zake ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Kuwakusanya Nasir, Muhammad, Ali, Masud, Ahmad na Rashid katika kitabu kimoja, chini ya jina moja, lilikuwa tendo la kuwaunganisha watu ambao wenyewe hawakupata kuungana hivyo. Hapo ndipo jina la Mazrui lilipokuwa kitu kimoja: kwenye karatasi, katika mikono ya msomi, miaka mia moja baada ya ngome kupotea. Msomaji wa tarikhi hiyo afanya vyema kukumbuka kwamba umoja anaouona ni matokeo ya kalamu, na kwamba kalamu hiyo ilikuwa ya kadhi, si ya liwali.

Mwana wa kadhi huyo, Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1933, ndiye aliyelipeleka jina mbali zaidi. Alifundisha Makerere, kisha Michigan na Binghamton. Alitoa mihadhara ya Reith katika BBC mwaka wa 1979. Na mfululizo wake wa televisheni juu ya Waafrika, wa mwaka wa 1986, ulitazamwa katika nchi ambazo hazikupata kuisikia Mombasa. Huko ng'ambo jina la mwisho ndilo jina, kwa hivyo mtu ambaye nyumbani angeliitwa Ali bin al-Amin akawa Mazrui tupu. Ulimwengu wa wasomi ulipolitaja neno hilo ulimkusudia yeye, na nisba ya watu wengi ikafanywa, katika faharasa za vitabu, kuwa jina la mtu mmoja. Alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014, akaletwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui yaliyo karibu na Ngome ya Yesu. Makaburi hayo ndiyo mahali pekee, miongoni mwa yaliyotajwa humu, panapoitwa kwa jina lenyewe. Rashid bin Salim na wenzake wa mwaka wa 1837 hawamo.

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili humjua zaidi Alamin Mazrui, mtaalamu wa isimu na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, iliyotoka mwaka wa 1981, na wa diwani ya Chembe cha Moyo, ya mwaka wa 1988. Mwaka mmoja baada ya tamthilia kutoka aliwekwa kizuizini na serikali. Tamthilia yenyewe inahusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi na madai yao ya haki. Msomaji aliyefuata habari za mashamba ya Takaungu hadi hapa ataona mwenyewe kwamba jina moja limewahi kusimama pande zote mbili za jembe.

Basi, kwa wanaotunga faharasa na orodha za vitabu katika maktaba zetu, yafaa majina haya yaandikwe pamoja na jina la baba, na pale inapowezekana pamoja na mji. Kadi iliyoandikwa «Mazrui, Al-Amin» yaweza kumpeleka mwanafunzi kwa kadhi aliyefariki mwaka wa 1947 au kwa mtunzi aliyezaliwa baada ya mwaka huo, na «Mbaruk bin Rashid», bila ya Gazi au Takaungu, haimpeleki popote.